Betri, Balbu na Utabiri: Namna Mtoto Anavyoielewa Sakiti

Mpe mtoto wa darasa la tano betri moja ya tochi, balbu ndogo na kipande kimoja cha waya, kisha mwombe aiwashe balbu. Wengi huanza kwa njia ileile: ncha moja ya waya kwenye kichwa cha betri, ncha nyingine kwenye kitako cha balbu, halafu wanasubiri. Haiwaki. Wanaubana waya zaidi, wanaifuta betri kwa shati, mwishowe wanasema betri imekwisha. Watu wazima waliosoma sana nao hukwama papo hapo. Mwaka 1997 ilitoka Marekani filamu iitwayo Minds of Our Own, ambamo wahitimu wa chuo cha MIT, wakiwa bado wamevaa majoho ya mahafali, waliulizwa kama wanaweza kuwasha balbu kwa betri na waya. Walijibu kwa uhakika kwamba wanaweza, na baadhi yao wakashindwa.

Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Watoto wameuona umeme ukifanya kazi, na karibu kila mahali walipouona, njia yake ya kurudi ilikuwa imefichwa. Waya wa pasi unaonekana mmoja, kumbe ndani ya ganda lake mna nyaya mbili au tatu. Balbu inayoning'inia darini imeshikwa na kebo moja. Kwenye bodaboda, taa nyingine zinafikiwa na waya mmoja tu, kwa kuwa umeme unarudi kwenye betri kupitia bodi ya chuma ya pikipiki yenyewe. Tochi ya bati nayo ni hivyo: springi na gamba lake ndiyo waya wa pili. Mtoto anayesema waya mmoja unatosha amekitazama vizuri kile alichoonyeshwa na dunia. Mwalimu akianza kwa kuandika ubaoni kwamba sakiti ni njia kamili ya kupitisha mkondo wa umeme, mtoto atainakili sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri, na wazo lake la waya mmoja litabaki palepale.

Kwa hiyo ninashikilia jambo moja kuhusu somo hili, na yote yatakayofuata yanalihusu. Mtoto atabiri kwanza, auandike utabiri wake, aeleze kwa nini anaamini hivyo, ndipo aunganishe waya. Utabiri ulioandikwa haukwepeki. Balbu ikikataa kufanya alichosema, mtoto mwenyewe ndiye anayeanza kutafuta maelezo mapya, na maelezo aliyoyatafuta hayamtoki kirahisi.

Mwalimu naye anahitaji kujua atakutana na tabiri zipi. Hapo tuna bahati, kwa sababu mawazo ya watoto kuhusu umeme yamechunguzwa kwa makini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Roger Osborne wa New Zealand aliwahoji watoto kuhusu betri na balbu, na mwaka 1984 David Shipstone alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wa Uingereza. Mawazo yaliyojitokeza ni machache na yanajirudia. Lipo hilo la waya mmoja. Lipo la pili, kwamba umeme unatoka ncha zote mbili za betri na kugongana ndani ya balbu, na mgongano huo ndio unaoleta mwanga. La tatu, ambalo ndilo sugu kuliko yote, linasema umeme unapita njia moja kuzunguka sakiti lakini balbu inaula, hivyo unaorudi kwenye betri ni mdogo kuliko uliotoka. Wazo hili la tatu linamfuata mwanafunzi mpaka sekondari, hata baada ya kufaulu maswali ya hesabu za volti na ampea.

Ni vyema mwalimu akumbuke kuwa mawazo ya aina hiyo yaliwahi kuaminiwa hata na wanasayansi wakubwa. Hans Christian Ørsted wa Denmark, aliyegundua mwaka 1820 kwamba waya wenye umeme huigeuza sindano ya dira, aliamini kuwa ndani ya waya aina mbili za umeme zinapambana, na mapambano hayo aliyataja katika kichwa cha andiko lake la ugunduzi huo. Miaka saba baadaye Georg Ohm wa Ujerumani alichapisha kitabu kilichoeleza uhusiano wa volteji, mkondo na ukinzani kwa hesabu. Nchini kwake kilipokewa kwa ubaridi, na nishani ya Copley kutoka Royal Society ya London aliipata mwaka 1841. Kama Ulaya yote ilihitaji miaka hiyo kulimeza jambo hili, kipindi kimoja cha dakika 40 hakiwezi kumtosha mtoto wa miaka kumi na moja.

Ugunduzi wa Ørsted ndio unaotupa pia kifaa cha kulivunja wazo la umeme unaoliwa. Shule isiyo na ameta inaweza kuchukua dira ndogo na kuizungushia waya mwembamba wenye ganda mara ishirini hivi. Dira hiyo iunganishwe kwenye sakiti upande mmoja wa balbu, sindano ikaguliwe imegeuka kiasi gani, kisha ihamishiwe upande wa pili kwa mkao uleule. Kabla ya kuihamisha, kila mtoto aandike anachotarajia. Wengi wataandika kwamba sindano itageuka kidogo zaidi, kwa kuwa balbu imeshakula sehemu yake. Sindano inageuka kiasi kilekile. Kimya kinachofuata hapo kisikatizwe haraka na mwalimu.

Swali litakalokuja ni la haki kabisa: kama umeme hauliwi, betri inakwishaje? Kinachotumika ni nishati ya kemikali iliyomo ndani ya betri. Mkondo ndio unaoichukua na kuifikisha kwenye balbu, na hapo inageuka kuwa joto na mwanga. Maneno haya peke yake ni mazito kwa mtoto, na hapa ndipo walimu wengi hukimbilia mfano wa maji kwenye bomba. Mimi siupendi kwa watoto wa rika hili. Bomba likikatika, maji yanamwagika, ilhali waya ukikatika umeme haumwagiki chini. Bomba linaweza kuwa tupu, kisha maji yakachukua muda kufika. Waya wa shaba hauwi mtupu hata siku moja. Tena mtoto wa mtaa ambao maji hutoka kwa mgawo atabeba mambo mengi kutoka kwenye bomba lake ambayo hayamo kwenye waya.

Kamba inafaa zaidi, na haina gharama. Wanafunzi wanane au kumi wasimame duara na kushika kwa ulegevu kitanzi kimoja kirefu cha kamba laini. Mmoja ni betri: anaivuta kamba kwa mkono mmoja na kuiachia kwa mwingine ili izunguke. Mwingine ni balbu: anaibana kidogo inapopita kiganjani. Betri ikianza kuvuta, kamba inasogea kila mahali kwa wakati mmoja, na hilo linaeleza kwa nini taa huwaka papo hapo tunapobonyeza swichi. Kamba inayoingia kwenye kiganja cha balbu ni ileile inayotoka, haikupungua hata inchi, lakini kiganja kimepata joto na mkono wa betri umeanza kuchoka. Sasa mwanafunzi wa pili abane naye. Mwendo unapungua kwenye kitanzi chote, kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya balbu ya pili. Hiyo tayari ni sakiti ya mfuatano, na watoto wameihisi kwa mikono kabla ya kusikia jina lake.

Hapo ndipo wakae mezani na vifaa. Betri mbili kubwa za tochi, za volti 1.5 kila moja, zikipangwa kichwa kwa kitako zinatoa volti 3. Balbu ya tochi iliyoandikwa volti 2.5 itawaka vizuri sana. Wakiongeza balbu ya pili kwenye njia ileile moja, kila balbu inabaki na takribani volti 1.5, na zote mbili zinafifia. Ya tatu inaziacha zote zikiwa na wekundu hafifu. Ukilegeza moja, zote zinazimika, maana njia ni moja na imekatika. Mara nyingi mtoto atatabiri kuwa balbu iliyo karibu na kichwa cha betri ndiyo itakayong'aa zaidi, kwa hoja kwamba inaupata umeme kwanza. Zikitoka na ung'avu tofauti, kwa sababu balbu za dukani hazilingani kamili, mwalimu asiseme tu kwamba hiyo ni hitilafu. Wabadilishane nafasi za balbu. Ung'avu utaifuata balbu kokote iwekwapo, na hoja ya foleni itakuwa imeanguka yenyewe.

Sakiti sambamba ingoje siku nyingine. Vitabu vingi huchora aina hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, ubavu kwa ubavu, na matokeo yake mtoto anakariri jedwali la tofauti bila kuelewa hata upande mmoja. Mfuatano ukishakaa, sambamba inaleta mshangao wa aina yake. Chukua betri zilezile mbili na balbu moja inayowaka, kisha waulize: tukiipa balbu ya pili nyaya zake zenyewe mbili kutoka kwenye betri, ya kwanza itakuwaje? Karibu wote watasema itafifia nusu, kwa sababu betri ina umeme wake na sasa inaugawa kwa wawili. Haififii. Zote zinang'aa kama ilivyong'aa moja, na ukiilegeza moja, ya pili inaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chini ya utabiri ule limejificha wazo jingine gumu, kwamba betri hutoa kiasi kilekile cha umeme hata iunganishwe na nini. Betri hushikilia volteji. Mkondo unaotoka unategemea umeiunganisha na nini. Balbu moja ya tochi inavuta karibu ampea 0.3, mbili sambamba zinavuta karibu 0.6. Gharama inalipwa mahali pengine, kwa kuwa betri zitakwisha mapema. Darasa lenye subira linaweza kuziacha sakiti mbili zikiwaka kuanzia asubuhi, moja ya mfuatano na moja sambamba, zikiwa na betri mpya za aina moja, na kuona ipi itazimika kwanza. Kwa mchezo wa kamba, hii ni sawa na betri mmoja kuvuta vitanzi viwili kwa pamoja: kila kitanzi kinakwenda kwa mwendo wake wa kawaida, lakini mvutaji anachoka maradufu.

Kuna jambo moja hapa ambalo limewavunja moyo walimu wazuri. Kitabu kinasema balbu za sambamba hazififii, naye mwalimu anaunganisha mbele ya darasa, na zinafifia. Si nyingi, lakini kila mtoto ameona. Mara nyingi betri ndizo chanzo. Betri iliyotumika ina ukinzani wake wa ndani, na mkondo unapoongezeka, sehemu ya volti zake inapotelea humohumo ndani. Nyaya ndefu nyembamba na viungio vilivyolegea hufanya vivyo hivyo. Mwalimu asiyejua hili huwaambia watoto waamini kitabu na wayapuuze macho yao, na hilo ni pigo kwa somo zima la sayansi. Anayejua atachukua betri mpya, arudie, waone tofauti imepungua sana, kisha awaulize kama nyumbani taa haziwahi kufifia jiko la umeme linapowashwa. Wanaoishi kwenye nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu wanalijua jambo hilo kila jioni.

Na nyumba ndiyo mfano tajiri kuliko mchoro wowote. Taa na soketi zote zimeunganishwa sambamba, kila moja ikipata volti zake 230, ndiyo maana balbu ya chumbani ikiungua redio sebuleni haikatiki. Lakini yuniti za mita ya Luku zikiisha, nyumba yote inaingia gizani kwa mara moja, kwa kuwa mkondo wote wa nyumba unapita ndani ya mita hiyo kabla ya kugawanyika. Swichi ya ukutani iko kwenye mfuatano na taa yake, la sivyo isingeweza kuizima. Fyuzi na kikata umeme viko kwenye mfuatano na vile vinavyovilinda. Mtoto akiulizwa kwa nini fundi hakuviweka vyombo vyote kwenye mfuatano, au kwa nini hakuiweka swichi sambamba na taa, anaanza kuiona nyumba yake kama kitu kilichofikiriwa na mtu. Swichi iliyowekwa sambamba na taa, kwa kweli, ikiwashwa ingepiga shoti na kukata umeme, na swali hilo linafaa sana kuwapa watoto walioelewa upesi wakati wenzao wakimalizia.

Hapa pia ndipo somo linapogusa usalama. Kila kifaa kinachochomekwa sambamba kinaongeza mkondo kwenye waya unaovilisha vyote. Birika la umeme la wati 2000 kwa volti 230 linavuta karibu ampea 8.7. Pasi ya wati 1000 inaongeza 4.3, na jumla inafika 13, ambazo ndizo za fyuzi ya kawaida ya plagi zetu za pini tatu. Mtu akiongeza jiko dogo la wati 1500 kwenye ekstensheni hiyohiyo, amefika karibu ampea 19.5. Fyuzi ikikatika imefanya kazi yake. Aliyeibadilisha kwa kipande cha waya ameondoa ulinzi huo, na waya wa ukutani utapata moto usioonekana. Mtoto aliyeihisi kamba anaweza kuwaeleza hili wakubwa wake nyumbani. Majaribio yenyewe, hata hivyo, yafanywe kwa betri za tochi tu. Umeme wa ukutani haujaribiwi na mtoto, na betri za simu zisitobolewe wala kuunganishwa ncha kwa ncha, maana zinaweza kupata moto na kulipuka.

Mitaani nako kuna mwalimu mwingine. Balbu nyingi za LED tunazonunua leo zina chipu kadhaa zilizopangwa kwenye mfuatano juu ya kibao kimoja. Chipu moja ikifa, huacha doa jeusi, na balbu nzima inazimika. Fundi anaifungua, anaikwangua chipu iliyokufa, anaunganisha pale kwa tone la risasi ya kulehemu, na taa inawaka tena. Fundi huyo ametengeneza njia iliyokatika ndani ya sakiti ya mfuatano, na mtoto aliyesimama kando yake akimwangalia ameona somo zima, ilimradi kuna mtu wa kumuuliza kwa nini chipu moja iliziua zote.

LED hizohizo zinaleta tatizo darasani, na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Balbu za tochi zenye uzi zinazidi kuadimika madukani, hivyo mwalimu hununua LED ndogo badala yake. Lakini LED nyeupe inahitaji karibu volti 3 ili iwake, na inapitisha umeme upande mmoja tu. Ukiweka mbili kwenye mfuatano kwa betri mbili, hazififii kama balbu zile. Hazitoi mwanga hata kidogo. Mtoto atahitimisha kwamba sakiti ya mfuatano haifanyi kazi, na kwa alichokiona atakuwa na haki. Balbu za uzi zikikosekana kabisa, bora kutumia mota ndogo kutoka kwenye midoli iliyoharibika au deki za zamani. Mota mbili za aina moja kwenye mfuatano zinazunguka polepole, na mlio wao unashuka. Sambamba, zinarudi kwenye kasi yake. Hata mtoto asiyeona vizuri anaweza kushiriki somo hilo kwa masikio yake.

Michoro ije mwisho, baada ya mikono kufanya kazi. Mtoto aliyefundishwa kwa michoro pekee huzitambua sakiti kwa umbo: akiona mistari iliyopangwa kama ngazi anasema sambamba, akiona mstatili mmoja anasema mfuatano. Pinda nyaya kidogo, au chora balbu mbili zikiwa zimekaa ubavu kwa ubavu ingawa njia ni moja, naye anapotea. Dawa yake ni kidole. Aanze kwenye ncha chanya ya betri na kuufuata waya mpaka ncha hasi. Kama kidole kimepita kwenye balbu zote bila kulazimika kuchagua njia, huo ni mfuatano. Kama kimefika kwenye njia panda na kila tawi lina balbu yake, hiyo ni sambamba. Sakiti nyingine zina vyote viwili, na mtoto anayetumia kidole hatatishika nazo.

Kuhusu kupima kama ameelewa, swali la kuchagua herufi halifiki mbali, kwa sababu jibu lake linaweza kukaririwa. Boksi la viatu linafika mbali zaidi. Mwalimu anatoboa matundu matatu juu ya kifuniko na kupachika balbu tatu, anaficha betri na nyaya ndani, kisha analifunga kwa gundi ya karatasi. Kazi ya mtoto ni kueleza balbu zimeunganishwaje bila kulifungua. Anaruhusiwa kulegeza balbu moja baada ya nyingine na kutazama. Akilegeza ya kwanza na zote zikazimika, asiseme upesi kwamba ni mfuatano, maana huenda ya kwanza iko kwenye njia kuu na nyingine mbili ziko sambamba nyuma yake. Akiirudisha na kulegeza ya pili, ya kwanza ikafifia na ya tatu ikang'aa kuliko mwanzo, sasa ana la kueleza: kwa nini ile iliyobaki peke yake kwenye matawi imeongeza mwanga wakati ya kwanza imepunguza? Mwalimu asikilize anavyolijibu swali hilo. Akisema umeme uliokuwa wa ya pili umehamia kwa ya tatu, bado anaiona betri kama kapu lenye kiasi maalumu, na inafaa arudi kwenye kamba. Akisema kwamba kuondoa tawi moja kumepunguza mkondo wa njia yote, na kwamba volti zimegawanyika upya kati ya balbu zilizobaki, mpeni bisibisi alifungue boksi ahakikishe mwenyewe.